Nimetubu, lakini kaka hanisemeshi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 46, naishi Dar es Salaam na mke na watoto watatu. Kwetu ni Uchagani, mlimani. Tumezaliwa wanaume wawili na dada mmoja, na mimi ndiye kitinda mimba. Naandika haya mke wangu akiwa amelala, maana akiniona ataniambia nimeanza tena.

Mwaka 2011 kaka yangu alikuwa Mererani, mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite. Alikuwa amekaa huko miaka sita, simu anapiga mara moja kwa miezi, hela haleti. Baba alikwisha kumgawia kihamba cha juu, yaani shamba la ukoo, kile chenye kahawa ya babu. Masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka, yalishapandwa. Karatasi hapakuwa nayo, kwetu masale ndiyo karatasi. Mimi nilikuwa na ahadi ya nyumba ya wazazi na kihamba chake, kama ilivyo kwa kitinda mimba. Ila nyumba ya wazazi huwezi kuiuza wazazi wakiwa ndani, na mimi nilikuwa nataka mtaji.

Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama akaniambia, "Huyo kaka yako atarudi auze, anywee. Bora uchukue wewe." Nikaandikisha karatasi kwamba baba amenipa mimi kile kihamba. Siku hiyo baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Nikamwambia ni karatasi ya chama cha ushirika, ya malipo. Akauliza, "Ni ya kahawa?" Nikasema ndiyo, baba. Nikamshika mkono, nikamchovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza pale nilipomwelekeza. Kisha akapapasa chini, akaokota jani la mgomba, akafuta kidole taratibu, akaniambia, "Asante kwa kunisaidia, mwanangu." Hiyo asante, Mama, ndiyo inayoniamsha usiku.

Mwaka uliofuata niliuza kwa mtu wa mjini kwa shilingi milioni 18. Amejenga, amezungushia ukuta, masale ameng'oa. Mimi nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Sasa ni maduka mawili na lori la mchanga. Baba alifariki 2014 bila kujua. Kaka alikuja msibani, akapanda juu kwenda kuangalia kihamba chake, akakuta geti. Aliporudi hakupiga kelele. Aliniangalia tu mbele ya watu, akachukua sepetu, akaendelea kuchimba kaburi. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Mama akaniambia nirudi Dar, nikae siku chache, hasira zitampoa. Kaka sasa ni fundi seremala, amepanga chumba karibu na soko.

Mwaka 2022 niliokoka. Nilimweleza mchungaji wangu yote. Akaniombea, akasema damu ya Yesu imefuta, nisonge mbele, nisirudi nyuma. Kwa muda nilipata amani. Baadaye nikamtumia kaka meseji: "Kaka, nisamehe kama kuna mahali nilikukosea, tuanze upya." Tiki mbili za bluu, kimya. Nikamtumia laki mbili kwa simu, akairudisha siku hiyo hiyo. Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani, akanikuta sebuleni kwa mama, akageuka mlangoni, akaondoka na mvua ile.

Mke wangu anasema sehemu yangu nimeifanya. Anasema hata Yakobo alimdanganya baba yake asiyeona, akachukua haki ya kaka yake, na Mungu akambariki yeye, si Esau. Naona ana hoja, maana kweli nimebarikiwa. Lakini mama ana miaka 79 na anataka atuone tunakula sahani moja kabla hajafa. Anaomba pia wazee wa ukoo wasijue kwamba alikuwepo.

Je, kaka asiponisamehe, toba yangu imekubaliwa au haijakubaliwa? Nisubiri mpaka lini? Desemba hii nimefikiria kwenda na mbuzi na jani la isale, jani la hayo masale, kuomba msamaha kama mila inavyotaka, ili asiweze kukataa. Nifanye hivyo?

Mdogo mtu, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mkeo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta Yakobo, na mimi nikiletewa Yakobo simwachii njiani. Nimefundisha Shule ya Jumapili miaka mingi. Ukutani tulikuwa na picha ya ndugu hao wawili: Esau kachorwa na manyoya kama simba, Yakobo kanzu safi, uso mpole. Watoto walimwogopa Esau. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba picha ile inawafundisha watoto kumwogopa aliyeibiwa.

Mkeo amesoma Mwanzo 27 akafunga kitabu. Angeendelea. Yakobo alitoka kwao na fimbo mkononi, basi. Mama yake alimwambia akakae kwa mjomba Labani siku chache, mpaka ghadhabu ya kaka yake igeuke. Umeliona neno hilo? Mama yako naye kalitumia. Siku chache za Rebeka zilikuwa miaka 20. Biblia haituonyeshi popote kwamba mama na mwana waliwahi kuonana tena. Tunakuja kuambiwa tu, mwishoni kabisa, mahali alipozikwa.

Huko kwa Labani akafanya kazi miaka 7 apewe Raheli, asubuhi akakuta ameozwa Lea. Alipolalamika, mjomba akamjibu kwamba kwao hawamtangulizi mdogo mbele ya mkubwa. Hebu lisikie jibu hilo kwa masikio ya mtu aliyekimbia kwao kwa sababu alijitanguliza mbele ya mkubwa! Hakuwa na la kusema. Akafanya 7 mingine, kisha 6 juu yake kwa ajili ya mifugo. Na hata baada ya hapo deni lilikuwa linatembea. Yeye alimdanganya baba yake kwa ngozi ya mwana-mbuzi, amevikwa mikononi na shingoni ili mzee akipapasa aone ni Esau. Miaka ikapita, wanawe mwenyewe wakamletea kanzu ya Yusufu imechovywa damu ya mbuzi, wakamwambia baba, hebu itambue. Akaitambua. Alilia miaka.

Sikatai kwamba Mungu alimbariki. Pale Betheli, amelalia jiwe, mtoro, hajatubu lolote, aliahidiwa nchi na uzao. Ilikuwa neema. Haikuwa risiti ya kuhalalisha alichochukua. Na wewe usilisome duka lako kama muhuri wa Mbinguni, mwanangu. Saruji inauzika hata kwa mtaji wa wizi.

Sasa mchungaji wako. Simpingi aliposema Mungu husamehe. Ungekufa usiku ule ulipotubu, nisingekuhofia. Lakini hilo la "songa mbele, usirudi nyuma" silipati kwenye habari hii. Yakobo alipokuwa amefanikiwa, ana wake, watoto na mifugo, Mungu alimwambia neno moja: rudi. Rudi kwenye nchi ya baba zako na kwa jamaa zako, yaani pale pale ulipoharibu. Na tazama ramani. Esau alikuwa anakaa Seiri, kusini kabisa, ng'ambo ya Bahari ya Chumvi. Yakobo alikuwa anapita kaskazini, penye kijito cha Yaboki, ule mto ambao leo Wajordani wanauita Zarqa. Angeweza kuvuka Yordani kimyakimya akaingia Kanaani na Esau asijue. Ni yeye mwenyewe aliyetuma watu kwenda kumwambia kaka yake, nimekuja. Hiyo ndiyo imani ninayoiona kwake. Ile ya kuota ngazi na malaika ilimjia usingizini, haikumgharimu kitu.

Wajumbe wakarudi na habari kwamba Esau anakuja na watu 400. Yakobo akaogopa sana. Akaomba, na sala yake ni nzuri, nakusihi uisome leo, Mwanzo 32: anakiri hastahili rehema zote alizotendewa, anakumbuka alivuka Yordani na fimbo tu. Akasema amina. Halafu, mwanangu, akaenda zizini kuhesabu.

Mbuzi majike 200 na mabeberu 20. Kondoo majike 200 na madume 20. Ngamia wanaonyonyesha 30, na ndama wao. Ng'ombe 40, mafahali 10. Punda majike 20 na wana-punda 10. Jumlisha mwenyewe, wewe ni mfanyabiashara: ni wanyama 550 kabla hujahesabu watoto wa ngamia. Tena hakuwapeleka kwa mkupuo. Aliwagawa makundi, akaacha nafasi kati ya kundi na kundi, ili Esau akimaliza kushangaa hili, vumbi la lingine linatokea. Unaweza kusema ilikuwa hongo ya mtu mwoga, na mwenyewe anasema wazi anataka kumtuliza. Sawa. Lakini mali ilitoka zizini, ikatembea kwa kwato zake mpaka kwa aliyedhulumiwa, ikafika kabla ya mdomo wa Yakobo.

Wewe ulituma laki mbili.

Kwa kihamba ulichokiuza milioni 18 mwaka 2012, ambacho leo wala sitaki kukisia bei yake. Mtu aliyeibiwa ng'ombe ukimpelekea kikombe cha maziwa, akikirudisha hajakosa adabu. Kaka yako alikuwa anakujibu, na jibu lake liko wazi kuliko meseji yako.

Maana meseji yako nimeisoma mara tatu. "Kama kuna mahali nilikukosea." Mahali papo, baba. Pana geti.

Usiku ule wa Yaboki Yakobo alishindana na mtu mpaka alfajiri, na kabla ya kubarikiwa aliulizwa swali dogo: jina lako nani? Watu wengi wanaruka hapo, wanakimbilia nyonga iliyoteguka. Lakini kumbuka mara ya mwisho tuliyomsikia akiulizwa swali la namna hiyo. Alikuwa mbele ya baba asiyeona, kashika sahani ya nyama, mzee anamuuliza, u nani, mwanangu? Akajibu: mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza. Miaka 20 imepita, usiku, hana pa kukimbilia, anaulizwa tena. Safari hii anasema: Yakobo. Na jina hilo Esau alishalifafanua zamani kwa uchungu, kwamba ni la mtu anayemchukulia mwenzake mahali pake. Kulitaja ilikuwa kukiri.

Wewe uliulizwa, "Ni ya kahawa?" Ukasema ndiyo, baba. Swali hilo bado linangoja jibu la kweli. Baba hayupo kulisikia, lakini kaka yupo, na ukoo upo. Sentensi yenyewe ni fupi: "Nilimdanganya baba, nikachukua kihamba chako, nikakiuza, hela nikafungulia duka." Hakuna "kama". Hakuna "shetani alinipitia". Wala hakuna "wewe nawe ulikuwa umepotelea Mererani", ingawa najua sentensi hiyo iko ulimini mwako, kwa sababu barua yako imeianza mapema sana.

Sasa nije kwenye isale, maana hapo ndipo uliponitisha.

Mimi si Mchaga lakini nimeolewa huko, nimeshaona jani hilo likishikwa. Mtu anayeletewa isale hatakiwi kukataa, na ndiyo heshima yake: ni jani la mwisho, baada ya maneno na baada ya malipo. Wewe unataka kulitumia la kwanza, "ili asiweze kukataa". Mwanangu, hebu jisikilize. Ulimshika baba mkono ukambonyezesha kidole mahali alipokuwa haoni. Sasa unataka kumshika kaka mkono kwa mila, mbele ya wazee, abonyeze msamaha kabla hajaona chochote. Ni ufundi ule ule. Na tena jani lenyewe! Masale ndiyo yaliyokuwa mpaka wake, yakang'olewa kwa sababu yako. Utang'oa mengine wapi ya kumpelekea?

Nakwambia kwa ukali lakini sikushangai. Yakobo naye toba haikumgeuza malaika kwa usiku mmoja. Asubuhi ile ile ya kukutana na Esau aliwapanga watu wake kwa upendeleo: vijakazi na watoto wao mbele, Lea nyuma yao, Raheli na Yusufu nyuma kabisa, penye usalama. (Watoto wale wa mbele waliona walivyopangwa. Nadhani hawakusahau.) Na baada ya kukumbatiana, Esau alipomkaribisha waende pamoja, Yakobo akamwambia tangulia, nitakuja taratibu mpaka Seiri. Esau akarudi Seiri siku hiyo hiyo. Yakobo akaenda Sukothi, akajenga nyumba. Hakwenda. Uongo wa zamani ulikuwa bado una mizizi ndani ya mtu aliyekesha akishindana na Mungu. Kwa hiyo ukijigundua na hila ndani ya toba yako, usikate tamaa, ila iite hila.

Kitu kimoja alikifanya vizuri, nacho ndicho ninachotaka ukiige. Alipokwisha kupanga watu, yeye mwenyewe alitangulia mbele yao wote, akachechemea, akainama mpaka chini mara saba. Esau alimuuliza yale makundi ni ya nini, kisha Esau mwenyewe akasema, ninayo tele, ndugu yangu, kaa na vyako. Yakobo hakusema "basi asante, nimejaribu". Alimsihi apokee, na neno alilotumia ni baraka: pokea baraka yangu. Kwa Kiebrania ni neno lile lile la kitu alichokiiba hemani mwa Isaka. Alikuwa anarudisha. Esau akapokea.

Basi fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu.

Kaa kwanza na mkeo, umwonyeshe barua hii. Maduka mawili na lori ni mali ya nyumba yenu, hutayagusa bila yeye kujua, na namwona atakasirika. Mpe muda. Kisha mtafute mthamini wa ardhi akuambie kihamba kama kile leo kinafika bei gani, huko huko mlimani, si kwa hesabu ya 2012. Aliyenunua mwache, yeye alilipa. Wewe tafuta kipande kingine maeneo hayo hayo, chenye migomba na maji, ununue kwa jina la kaka yako. Si jina lako kisha "nitambadilishia". Lake, tangu karatasi ya kwanza. Kama ardhi haipatikani, iwe fedha kamili ya thamani ya leo, na mavuno ya kahawa aliyokosa miaka yote hii. Ikibidi lori liuzwe, liuzwe. Zakayo alisema mara nne, tena alisema palepale, mbele ya wageni. Mimi nakuomba mara moja tu, lakini iwe kamili. Na kabla ya kikao chochote zungumza na mwanasheria, kwa sababu dole gumba lililopatikana kwa udanganyifu lina habari yake mbele ya sheria pia. Usije ukaogopa katikati ukarudi kwenye "kama".

Halafu mama. Mwendee peke yako, kaa naye jikoni. Mwambie unakwenda kusema kwa wazee. Yeye usimtaje, dhambi utakayoisema ni yako, ya kwake ataisema mwenyewe akitaka, na pengine mbele ya kaka yako peke yake. Lakini usikubali kunyamaza kwa ajili ya kumfichia. Ukiulizwa moja kwa moja kama alijua, usidanganye, sema "hilo muulizeni mama". Anataka kuwaona mnakula sahani moja. Ninamwelewa, mimi pia ni mama wa watoto wasioelewana. Ila hatuwezi kuwapikia watoto wetu amani ambayo tulishiriki kuivunja, tukakaa mezani kama wageni.

Kisha waombe wazee wa ukoo wakusikilize, na kaka aarifiwe na mtu anayemheshimu kwamba kuna kikao na kitahusu kihamba chake. Asipokuja, sema hivyo hivyo. Hati yake mwachie mzee mmoja amkabidhi. Usipige picha. Usitume meseji ya "umeipata?"

Baada ya hapo ndipo inaanza kazi unayoiogopa kuliko kuuza lori. Umeuliza usubiri mpaka lini. Unaitaja Desemba kana kwamba msamaha nao unakuja na basi la Krismasi. Kaka yako amekaa kimya tangu 2014, na katika miaka hiyo wewe ulijenga, akapanga chumba. Uvumilivu wake umeshalipa kodi ndefu. Wako haujaanza, kwa sababu ulichokuwa ukikiita kusubiri kilikuwa ni kutumaini atasahau.

Yakobo katika ile miaka 20 hakukaa chini ya mti. Anasema mwenyewe jua lilimchoma mchana, baridi usiku, usingizi ukamtoka, mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Alijifunza kudhulumiwa. Sidhani angeinama mara saba kama hakupita kwa Labani. Wewe subira yako iwe na kazi: nenda nyumbani hata mwezi wa nne, mwezi ambao hakuna mtu, mvua na tope. Palilia kahawa ya mama. Kaka akipita, salimia "shikamoo kaka" kama mdogo mtu, hata asipoitikia. Usimfuate. Shikamoo haina madai ndani yake.

Na inawezekana isifike unapotaka. Yakobo na Esau walilia shingoni mwa kila mmoja, kisha wakaishi mbalimbali. Tunakuja kuwaona pamoja mara moja, wakimzika Isaka. Ninyi kwenye msiba wa baba mlikutana namna ile, mmoja na sepetu. Siwezi kukuahidi zaidi. Toba yako kwa Mungu haisubiri tiki ya kaka yako, hilo nakujibu wazi: Mungu hajampa kaka yako funguo za Mbinguni. Lakini aliwahi kusema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo uende kwanza. Hakusema ndugu atakubali. Alisema uende.

Kuhusu mbuzi, mnunue. Nunua beberu mzuri, mfunge kwa mama, mama amlishe majani ya migomba. Jani la isale usilikate. Usiseme ni wa nini, wala usimtaje kwa kaka. Siku atakayopita hapo akasimama, akauliza mwenyewe yule mbuzi ni wa nani, niandikie tena.